Majani Mawili ya Springi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema hilo mapema ili usije ukanitegemea upole mbele ya safari. Hasira zangu hazilali, zikija asubuhi mchana zimeshaondoka, ila zikiwepo zinasema, na maneno yake yameniponza sana. Katika maisha yangu yote ni mtu mmoja tu ambaye sikuwahi kumjibu ovyo, na wala si kwa sababu nilikuwa na adabu. Sikuwa na ruhusa ya kumjibu chochote. Alikuwa mama mkwe wangu.

Ukoo wa mke wangu ulitoka upande wa Mahenge, na mambo ya ukwe waliyashika barabara. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na ukiacha salamu hawazungumzi. Kila asubuhi nilichuchumaa mbali kidogo, nikatazama pembeni, nikasema, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba," akiwa ametazama upande wake. Basi, siku imekwisha. Neno lingine lolote lilipitia kwa mke wangu, na mke wangu asipokuwepo, lilipitia kwa kuku.

Nasema kweli. Mama alikuwa amehamia kwetu Mchombe baada ya kufiwa na mumewe, maana mwanawe wa kiume, huyo mmoja tu, alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Kilosa. Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado, nami nilikuwa fundi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Narudi jioni nimejaa grisi hadi masikioni, namkuta ameketi mlangoni kwa jiko anapepeta mchele, anamwambia kuku, "We kuku, kuna watu wanaingia ndani na miguu michafu, na mke wao amefagia sasa hivi." Nami namjibu kuku yuleyule, "Kuku, niulizie maji ya kunawa yako wapi." Naye, "Yako nyuma ya nyumba, kuku, mahali pake pa siku zote, ila wengine hawana macho." Tuliishi hivyo miaka kadhaa, tukipendana kupitia kuku. Nilimpenda sana yule mama. Naliandika wazi kwa sababu wakati ule hapakuwa na njia ya kulisema.

Sasa, mama alikuwa na nyonga mbovu. Aliteleza kwenye tope la shamba la mpunga, akaanguka, na tangu siku hiyo alitembea na fimbo na mguu wa kulia ukakataa kupanda juu kuliko kizingiti cha mlango. Kwa shughuli za nyumbani hilo halikumsumbua. Lilimsumbua siku ilipokuja habari kutoka Lupiro, ng'ambo ya Mto Kilombero, kwamba dada yake mkubwa hainuki tena kitandani. Huyo dada ndiye aliyemlea, mama yao alipofariki. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na kila mtu aliyeingia ndani alimuuliza, "Mdogo wangu yuko wapi?"

Masika yalikuwa yanakaribia. Kwetu masika yakishaanza, mto unatoka nje ya mto. Bonde lote linakuwa maji, na barabara ya kwenda Lupiro inafungwa mpaka mvua ziishe. Mama alijua, mke wangu alijua, nami nilijua kwamba asipofika kabla ya mvua, yule dada hatamkuta tena.

Gari nilikuwa nalo. Ilikuwa pikapu kuukuu iliyokufa nyuma ya mashine, mwenye mashine akaniachia badala ya kuiacha ioze, nami nikaifufua kwa mwaka mzima wa Jumapili. Ubaya wake ulikuwa kimo. Mwenye mashine aliitumia kubeba magunia ya mpunga kutoka Namawala, akawa ameiongezea springi ili isilemewe, ikasimama juu juu utadhani inachungulia ng'ambo ya ua. Mimi mwenyewe nilipanda kwa kushika mlango na kujirusha.

Jaribio la kwanza tulilifanya kwa kigoda. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, hakuruhusiwa kuinua kitu, hivyo walikuja wanawake wawili wa jirani. Mama akapanda kigoda, wakamshika huku na huku, wakamwinua. Kigoda kikateleza. Mama akaenda chini pamoja na jirani mmoja juu yake, kanga ikafunguka, na mimi mkwe nimesimama palepale nimeshika mlango wa gari. Nilikimbia hadi kwenye migomba, nikabaki huko nimegeuka nyuma mpaka nilipoitwa.

Siku mbili mama hakuongea hata na kuku. Siku ya tatu alimwambia binti yake, "Sibebwi tena. Mimi si gunia la mpunga."

"Basi mama, Lupiro hutaenda?"

"Sitaenda."

Mke wangu alinieleza kwamba aliyasema hayo huku anapepeta mchele, na machozi yanadondokea kwenye ungo, na hakuacha kupepeta. Nikakasirika. Nilikuwa sina wa kumkasirikia, basi nikalikasirikia gari. Nikasema, kama mama hawezi kupanda kwenda kwenye gari, gari litashuka lije kwa mama.

Springi za gari lile zilikuwa vibapa vya chuma vilivyopinda, vimelaliana kimoja juu ya kingine, kirefu juu na vifupi chini yake. Sisi mafundi tunaviita majani. Ukiongeza jani gari linapanda na kukaza, ukipunguza linashuka na kulegea. Nililiinua kwa jeki, nikafungua springi zote nne. Kwanza nikatoa lile jani moja moja aliloongeza mwenye mashine. Gari likarudi kwenye kimo chake cha kiwandani. Nikapima kwa fimbo ya mama, ambayo mke wangu aliiazima kwa uongo. Bado lilikuwa juu. Basi nikatoa na majani ya kiwanda, mawili mawili kila springi, nikafunga tena. Nilipotoa jeki, gari likashuka likakaa chini kabisa. Nilicheka peke yangu.

Pale kwenye mashine palikuwa na fundi mzee kuliko mimi, mtu wa maneno machache, aliyenifundisha nusu ya kazi ninayoijua. Akaja na kikombe chake cha chai, akainama, akachungulia chini.

"Shokomzoba umebadilisha?" akaniuliza.

Shokomzoba ni ule mrija wa chuma wenye mafuta ndani unaolituliza gari lisirukeruke. Gari likishuka shimoni mrija unasinyaa, likitoka unanyooka. Za kwangu zilikuwa zilezile lilizotoka nazo kiwandani, nzima kabisa, na nilijivunia uzima wake.

"Za nini kubadilisha? Ni nzima."

"Nzima ndiyo. Ila zilitengenezwa kwa gari lililosimama. Wewe umezikalisha. Angalia, zimeshasinyaa na gari bado halijaenda popote. Zikikutana na shimo zitasinyaa ziende wapi?"

Nilijua anasema kweli. Nililijua hilo tangu nilipokuwa nafunga boliti ya mwisho. Lakini shokomzoba fupi ningezipata wapi, na mvua hizo zinakuja? Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, yaliyohusu spana zake na mahali pa kuzipeleka. Akanywa chai yake akaondoka. Mimi nikajisemea nitaendesha polepole, basi.

Nyumbani nikamtuma mke wangu. "Mwambie mama gari limeshuka. Nimetoa majani."

Mama alikuwa ukumbini na ananisikia vizuri tu, ila alisubiri aletewe. Akajibu, "Mwambie hata akitoa na majani ya chai yote yaliyomo humu ndani, mimi sipandi."

"Si majani ya chai, mama. Ni majani ya gari."

"Gari linakula majani?"

Sikuweza kujua kama anatania. Mke wangu akamweleza, chuma, springi, kulaliana. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka na fimbo yake, akatoka nje kuliona. Nikajiondoa haraka, nikasimama mbali, nikatazama upande wa milima ya Udzungwa. Nilisikia mlango unafunguka. Nikasikia fimbo inagonga chuma, kisha kitako cha mama kinatua kwenye kiti.

"We gari," nikamsikia anasema, "umejua kupiga magoti. Nani kakufundisha adabu?"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuongea na gari badala ya kuku. Nilitembea mpaka kwenye migomba na huko nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Tukaondoka alfajiri ya Jumamosi. Mke wangu alipokuwa anafunga mizigo, mama akamwambia kwa sauti ya kunifikia, "Na yale majani yake asiyaache. Huko njiani gari likisikia njaa, atalilisha nini?" Mimi nilikuwa nayaacha kweli. Kwa kumridhisha tu nikayafunga ndani ya gunia, nikayatupa nyuma pamoja na jeki, mchele na kuku wawili wa zawadi.

Mbele tulikaa watatu. Mimi kwenye usukani, mke wangu katikati na tumbo lake, mama dirishani. Barabara ya Mchombe kwenda Ifakara wakati ule ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na vipande vya barabara. Shimo la kwanza gari likasema *gu!* na nikalisikia mpaka kwenye meno. Nikapunguza mwendo. Shimo la pili, *gu!* Shokomzoba zilifika mwisho wake kila mara, na zikifika mwisho, pigo lote linapanda moja kwa moja kwenye kiti. Nikamuuliza mke wangu, "Mama yuko salama?" Akamgeukia, wakanong'ona, akanirudia. "Anasema gari zuri. Endelea."

Baada ya Namawala nikauliza tena. "Anasema endelea." Pale Ifakara nilitaka tusimame tunywe chai. "Anasema hana kiu, tuwahi pantoni." Nami nikaanza kuamini kwamba fundi mzee alikuwa ananionea wivu. Nikapiga mluzi hata.

Pantoni tulilikuta ng'ambo, likipakia. Nikazima gari chini ya kivuli, nikashuka kwenda kutazama foleni. Niliporudi, mke wangu alikuwa amesimama nje, amejifuta uso kwa upindo wa kanga na machozi bado yanatiririka.

"Una nini? Tumbo?"

"Si tumbo. Ni mama. Njia nzima ameuma kanga yake asilie. Ameitoboa. Kila ukiuliza ananibana mkono, ananiambia nikisema tu hatanisamehe."

"Kwa nini?"

"Anasema umehangaika na gari kwa ajili yake, na mkwe halalamikiwi. Ningefanyaje?"

Nikatazama dirishani, jambo ambalo sikutakiwa kulifanya. Mama alikuwa ameegemea mlango, amefumba macho, na pembe ya kanga ilikuwa imelowa na ina tundu. Hasira zikanipanda hadi kwenye nywele. Nilifungua mdomo nimgombeze mke wangu, nikakumbuka mluzi wangu, nikaufunga. Nilikaa chini, kwenye vumbi, nimeegemea gurudumu, na nikiwa mtu mzima na fundi niliyejulikana bonde zima, nilijisikia mpumbavu.

Nikaongea na mke wangu kwa sauti, makusudi, ili mama naye asikie. Nikasema barabara ya ng'ambo ni mbaya kuliko tuliyotoka. Kwa hali hii ya gari siwezi kumpitisha mama huko, nitamvunja. Majani ya kiwanda ninayo, nikiyarudisha shokomzoba zitapata nafasi yake na mashimo hayatampiga mama hivi. Lakini likirudishiwa majani linapanda, na likipanda, mama hataingia. Wewe huruhusiwi kuinua, kubebwa na wageni mama hataki, mimi ni mkwe. Nikasema, "Sioni njia. Tugeuze turudi polepole."

Ng'ambo ya mto watu wa pantoni walikuwa wanaitana. Kisha kutoka dirishani ikatoka sauti ya mama, imechoka.

"We gari," alisema. "Wewe una njaa tu. Mwambie bwana wako akurudishie majani yako."

"Mama," mke wangu akasema, "utapandaje?"

"Nilikuwa naongea na gari."

Akashuka. Kushuka aliweza, lilikuwa chini bado. Akaketi juu ya mkeka, na mimi nikavua shati. Vijana wawili wa pantoni waliokuwa zamu ya mapumziko walinisaidia kushika jeki na kukaza. Springi moja baada ya nyingine, nikafungua, nikarudisha majani mawili, nikafunga. Sikulirudisha la mwenye mashine, hilo halikuwa la gari tangu mwanzo. Pantoni lilikwenda na kurudi mara nyingi, malori yakatupita, wasafiri wakauliza kimetokea nini, na mama akawajibu kwamba gari linakula. Jua lilikuwa limeshapita kichwani nilipotoa jeki. Nikakanyaga bodi kwa mguu. Likashuka taratibu, likapanda taratibu, likatulia. Nilimkumbuka fundi mzee na chai yake, nikamwomba radhi kimoyomoyo. Ya mdomo nilimwomba wiki iliyofuata, na aliipokea kwa kusema, "Mm."

Gari sasa lilikuwa zima, na lilikuwa juu. Halikuwa juu sana, ila ni juu kwa nyonga ile. Pantoni likatia nanga upande wetu, wakatuita. Mke wangu alimfungulia mama mlango, mama akasogea na fimbo, akasimama mbele ya kiti kilichomfika kiunoni. Akakitazama. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimegeuza uso kwenye maji, nafuta mikono kwa tambara, nasubiri kuambiwa tunarudi.

"Mwanangu," mama alisema.

Nilidhani anamwita binti yake. Sikugeuka.

"Wewe mwenye tambara. Njoo huku." Na aliposikia sisogei, akaongeza, "Kuku wamefungwa huko nyuma, siwezi kuwatuma. Njoo unipe bega."

Mke wangu aliweka mkono mdomoni. Nilizunguka gari. Sikujua nisimameje, basi nikafanya nilichoweza, nikapiga magoti, nikatazama chini, kwenye vumbi, nikaona miguu yake kwa mara ya kwanza kwa karibu. Ilikuwa na nyufa kwenye visigino, za shamba. Mkono wake ukatua begani kwangu, juu ya grisi na jasho, mzito na wa moto. Akanikalia bega. Nikainuka polepole, polepole kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote, mpaka akafika kimo cha kiti, akajivuta mwenyewe, akaketi. Sikumgusa kwa mkono. Alinigusa yeye.

"Ahsante, mwanangu," alisema, na akatazama mbele.

Tukavuka. Barabara ya ng'ambo ilikuwa mbaya kama nilivyosema, ila gari liliipokea. Kila shimo nilimtazama mke wangu, naye aliitikia kwa kichwa kwamba kanga iko mabegani, si mdomoni. Lupiro tuliingia jua likiwa bado liko juu ya miti. Nikapiga magoti tena, nikamshusha kwa bega lilelile, akaingia ndani kwa dada yake akiongozwa na binti yake. Mimi nilibaki nje, maana na mimi nina adabu zangu kidogo.

Masika yale yalipoisha dada mtu alikuwa ameshazikwa. Mama alikuwa naye mpaka mwisho, maana aligoma kurudi na sisi na mvua zikamfungia huko. Aliporudi Mchombe alimkuta mjukuu, na mambo ya ukwe yakaendelea kama zamani. Nilichuchumaa mbali, nikaamkia, na mengine yakarudi kwa kuku. Hakuna aliyelitaja lile bega. Lakini siku ile ya Lupiro, ukuta ulikuwa wa fito na udongo, na nilisikia kila neno. Nilimsikia yule dada anamtajia mdogo wake kila anachokipapasa, uso, mabega, mpaka ile nyonga.

"Na hali hii, nani kakupandisha kwenye gari?"

"Mwanangu."

"Kumbe amerudi kutoka kwenye mkonge?"

"Hapana, dada," mama akasema. "Huyu mwingine."

Nikajiingiza chini ya gari, nikalala chali, nikashika spana na kukaza boliti ambayo haikuwa imelegea, mpaka macho yakakauka.